Nywele Zina Wenyewe

"Wifi, maji yamekataa kushuka."

Wifi yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, kanga mbili mwilini, povu la sabuni bado linamtiririka shingoni. Alisema kwa sauti ya chini kwa sababu uani kulikuwa na watu zaidi ya ishirini, na baadhi yao walikuwa wa upande wa bwana harusi. Ilikuwa Alhamisi jioni. Harusi ya mdogo wetu ilikuwa Jumamosi.

Niliingia bafuni na viatu nikatoka kuvivua. Maji yalikuwa yamepita kifundo cha mguu, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na juu yake yalielea dodoki, kifuniko cha chupa ya shampuu na kipande cha sabuni kilichobaki na wembamba wa ukucha. Kwenye korido, hatua tatu kutoka mlangoni, tulikuwa tumepanga mifuko ya mchele wa pilau. Maji yalikuwa yameshalowesha ule wa kwanza.

Bafu lile nililijenga mimi. Baba alipofariki, mimi nikiwa mtoto wa kwanza na nikiwa na kazi ya uhasibu Dodoma, niliona Mama hawezi kuendelea kukaa kwenye nyumba ya udongo huku mimi nalala kwenye dari ya jipsamu. Nikajenga kidogo kidogo, kwa simu. Mwezi huu saruji, mwezi ujao nondo, mwezi unaofuata bati. Fundi alinitumia picha, nami nikamtumia pesa. Nyumba ilipoisha ilikuwa na vyumba vitatu, veranda, tangi la lita 2,000 juu ya mnara wa matofali, na bafu la ndani lenye tailizi nyeupe na shawa. Hilo bafu nililipenda kuliko chumba chochote. Kila nikienda Tura nilifungua shawa nikasimama chini yake nikijisikia nimemlipa Mama kitu.

Kabla ya hapo tulioga nje. Nyuma ya jiko Baba alikuwa ameweka jiwe bapa, pana kama ungo, akalizungushia uzio wa mabanzi. Ulisimama juu ya jiwe na ndoo yako na kata yako, ukajimwagia, na maji yakateleza chini ya mabanzi hadi kwenye shina la mpapai. Mipapai ilikuwa mitatu. Sikumbuki hata siku moja maji kuziba pale. Yangezibia wapi? Hapakuwa na bomba, hapakuwa na tundu. Palikuwa na mteremko wa nusu hatua na mti wenye kiu.

Wasioijua Tura niwaeleze kidogo. Iko wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, kwenye reli ya kati, na treni kutoka Dodoma inaifikia baada ya kupita Itigi na pori refu la miombo. Pori hilo watu wa misafara waliliita Mgunda Mkali. Msafara uliotoka pwani ulimaliza Ugogo, ukaingia Mgunda Mkali, ukatembea siku kadhaa na maji ya kubahatisha, kila mpagazi na mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32, begani au kichwani. Kijiji cha kwanza cha Unyamwezi walichokutana nacho upande wa pili wa pori kilikuwa Tura. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walipita mwaka 1857, wakafika Tabora tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, na Burton aliandika kwamba jina la mahali lina maana ya tua, tua mzigo. Hakukosea. Kwa Kinyamwezi kutula ni kuweka chini, na sisi wenyewe l na r huwa hatuzigombanishi. Hata Kiswahili ni neno lilelile: watu wa pwani waliidondosha l njiani, kama mbula ilivyokuja kuwa mvua na nzala ikawa njaa. Kwa hiyo anayesema "nimetua Tura" amesema jambo moja mara mbili.

Nalieleza hili kwa sababu siku ile nililifikiria sana. Wageni wetu walikuwa wametua kwelikweli. Treni ilichelewa, ikawafikisha asubuhi badala ya usiku, na wanawake kumi na moja wakashuka na vumbi la njia nzima, wakaelekea bafuni mmoja baada ya mwingine. Wote kumi na moja walikuwa wamesuka kwa ajili ya harusi au walikuwa mbioni kusuka. Siku nzima ya Alhamisi veranda yangu ilikuwa saluni, na sakafu imetapakaa nyuzi za rasta: nyeusi, kahawia, na za rangi ya zambarau ambazo ni za wifi yangu peke yake, maana wengine hawakuthubutu.

Nikaanza na kile kifaa cha mpira chenye mpini cha kuzibulia choo. Nikasukuma na kuvuta, sukuma na kuvuta, maji yakatoa sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto, yakarudi palepale. Nikachemsha sufuria mbili za maji nikayamwaga. Hapo nilipata dimbwi la uvuguvugu. Basi nikamtuma kijana dukani karibu na stesheni aniletee kostiki, ile wanayotumia watengeneza sabuni, nusu kilo.

Kostiki naijua kwa nadharia. Nywele ni protini, na kostiki huila protini; mafuta ya mwili inayageuza sabuni. Ukiitia kwenye maji, ndoo inapata moto mkononi kama chungu, na ndiyo maana huwa unatia kostiki kwenye maji kidogo kidogo, hutii maji kwenye kostiki, la sivyo inachemka na kukurukia usoni. Haya yote niliyafuata. Nilichosahau ni kwamba nilikuwa naimwaga kwenye dimbwi la ndoo nne au tano za maji, kwa hiyo ilipofika kwenye tundu ilikuwa imeshapoteza makali. Nilisahau pia kwamba rasta si nywele. Ni nyuzi za plastiki, hazina protini, na kwa kostiki ile zingekaa pale hadi harusi ya wajukuu.

Na nilisahau jambo la tatu, ambalo ni la kijinga zaidi: nilipoona haifanyi kazi, nikaingiza mkono mlemle kutafuta chujio. Vidole vilianza kuteleza kana kwamba nimevipaka mafuta. Utelezi huo ni ngozi yako mwenyewe inaanza kugeuka sabuni. Nilikimbilia bomba la nje nikasimama nikimwagia mkono maji kwa muda mrefu, na Mama akaniangalia kutoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, hakusema neno. Bafu tukalifunga kwa kitasa, tukakinga korido kwa magunia, na mimi nikalala na wasiwasi.

Ijumaa alfajiri maji yalikuwa yamepungua yenyewe hadi kubaki unyevu na ukoko. Nikavaa glavu za mpira, nikamwagia sakafu maji mengi safi, nikafungua skrubu mbili za chujio. Chini yake kuna trapu, ile kona ya bomba inayobaki na maji kidogo siku zote. Ni kitu cha ajabu ukikifikiria: maji machache yaliyosimama kwa makusudi ili harufu na mende wa shimoni wasipande chumbani. Aliyeandikisha hati ya ubunifu wa choo chenye kona ya namna hiyo, mwaka 1775 huko London, alikuwa mtengeneza saa, Alexander Cumming. Kona ni nzuri, lakini kila kitu kinachoshuka kinapunguza mwendo pale, na kinachopunguza mwendo hukaa.

Nikakunja waya wa henga ya nguo, nikatengeneza ndoano, nikachokonoa. Ikaja. Mwanzo unyuzi mmoja, kisha ukavuta wenzake, kisha likatoka donge zima, refu kama mkono, linanuka kama samaki wa juzi. Nywele za watu zilikuwemo, lakini uti wa mgongo wa donge ulikuwa rasta, na katikati, pamoja na uchafu wote, uling'aa uzi wa zambarau.

Sasa ningeweza kulitupa donge lile kwenye moto wa jikoni nikanyamaza. Sikufanya hivyo. Nililining'iniza kwenye waya nikatoka nalo uani, mbele ya watu wanaokunywa chai, nikasema kwa sauti: "Haya. Nani anazijua hizi?"

Watu wakacheka. Kisha wakatazama kichwa cha wifi yangu. Yeye alikuwa ameinama juu ya sinia anachambua mchele, ule uliolowa, akiutandaza ukauke. Hakuinua uso. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akasema kwamba wasichana wa siku hizi wanabeba vichwani mzigo ambao mpagazi angeukataa, na kicheko kikapanda tena. Nami nikacheka. Niliridhika kabisa. Nilikuwa nimeipata sababu, na sababu ilikuwa na mwenyewe.

Nikafungua shawa, maji yakazunguka tunduni, yakashuka kwa mlio. Nikatangaza bafu limefunguliwa. Wakaoga watatu. Wa nne akatoka na povu shingoni.

Ndipo nilipomfuata Baba Mdogo. Si ndugu wa damu. Alifanya kazi na Baba kwenye gengi la reli miaka mingi, na sisi tulikua tukimwita hivyo. Sasa mgongo umepinda lakini bado anaamka saa kumi na moja kana kwamba anasubiriwa na sululu.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umetundika nywele za watu."

Habari zilikuwa zimenitangulia. Nikamweleza yote kuhusu kostiki, henga na donge. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali moja: "Shimo umelifungua?"

Sikuwa nimelifungua. Hata halikunijia akilini. Maji yalikuwa yamesimama bafuni, kwa hiyo nilikuwa nimepambana bafuni.

Hapa inabidi niseme kidogo juu ya kazi ya gengi, maana watu wengi wanadhani ni kugonga nyundo kwenye mataluma. Nyundo ipo, lakini kabla ya mvua za Novemba, Baba na wenzake walikuwa watu wa mitaro na kalvati. Walitembea njia wakifyeka majani, wakazoa mchanga, wakaingia kwenye kalvati kwa tumbo kutoa magogo na viota. Reli inakaa juu ya kokoto, na kokoto zinashika kwa sababu maji yanapita kati yake na kuondoka. Maji yakikaa, udongo wa chini unalainika, kokoto zinazama, na uzito wa treni unamalizia. Utotoni kwetu, kila masika redio ikitangaza kwamba njia imekatika kati ya Kilosa na Gulwe, Baba alizima akatoka nje kutazama mbingu za Tura, kana kwamba zimempa salamu. Kuhusu dimbwi alikuwa na amri moja kwa vijana wapya wa gengi: usichimbe penye dimbwi, tembea kwanza kuelekea chini mpaka uone pakavu, ndipo urudi. Nilimsikia akiisema mara nyingi mezani, nikaiweka pamoja na mambo mengine ya reli yasiyonihusu.

Tukaenda nyuma ya nyumba, mimi, Baba Mdogo na vijana wawili. Wakainua mfuniko wa zege. Baba Mdogo akachungulia, akaniita nichungulie.

Shimo lilikuwa kavu. Chini kabisa palikuwa na unyevu, na kando ya mawe chura mmoja alikaa kwa raha zake. Bafu limejaa, shimo halina kitu. Wanawake kumi na moja walikuwa wameoga tangu jana na maji yao karibu yote hayakuwa yamefika hapa.

"Basi yako katikati," akasema, akatuma mtu nyumbani kwake kuleta pima maji.

Ni ya mbao, ya zamani, kingo zimelika. Vijana walichimba wakafunua bomba sehemu tatu: karibu na ukuta, katikati, na karibu na shimo. Bomba la plastiki la inchi mbili. Alipiga magoti kwa shida, akaweka pima maji juu ya bomba sehemu ya kwanza. Kiputo kikasogea kidogo upande wa nyumba, ambao ndio upande wake, maana kiputo hukimbilia kwenye mwinuko. Sehemu ya pili kikakaa katikati, kimetulia kama jicho la kuku. Sehemu ya tatu kikakimbilia upande wa shimo.

Akakiacha pale nikione vizuri. Hakuna haja ya kuwa mhasibu kuisoma ile hesabu. Bomba lilianza kwa kuteremka, likalala, halafu mita nne za mwisho likapanda. Tulipopima kwa kamba tulikuta limepanda vidole vinne.

Bomba la namna ile linahitaji kushuka sentimita mbili na nusu hivi kwa kila mita. Langu lilikuwa na urefu wa mita 14, kwa hiyo lilipaswa kushuka sentimita 35, tangu ukutani hadi shimoni. Badala yake lilikuwa ni beseni refu lililozikwa. Ukipiga hesabu, mita 14 za bomba la inchi mbili zinabeba maji ya ndoo moja na nusu. Hayo yalikuwa yanalala humo siku zote, na kila aliyeoga aliyasukuma mbele kwa uzito wa maji yake mapya. Mchanga wa miguu ukatua. Sabuni nayo ikatua, kwa sababu maji ya kisima chetu ni ya chumvichumvi, na sabuni ya kipande ikikutana na maji ya aina hiyo haitoi povu hadi utumie nyingi, inaganda na kuwa utando mweupe usioyeyuka, uleule unaoonekana kwenye kingo za beseni. Tulipokata bomba katikati, kilichokuwemo kilikuwa kijivu, kizito, unaweza kukikata kwa kisu kama ugali uliolala. Uwazi uliobaki juu yake haukutosha kupitisha kidole gumba. Hapakuwa na unywele hata mmoja.

Na mwinuko ule niliuweka mimi.

Fundi wa mwanzo alikuwa amechora shimo mita sita kutoka ukutani, upande wa veranda, ambako ardhi inateremka yenyewe. Nilipoiona picha kwenye simu nikakataa. Sikutaka wageni wakae verandani wakitazama mfuniko wa shimo la maji machafu. Nikamwambia alihamishie nyuma, kule kwenye mwembe. Akanipigia. Nakumbuka nilikuwa kwenye foleni benki, na akasema, "Dada, kule ardhi inapanda, itabidi shimo lizame zaidi na mfereji uchimbwe kwa kina, gharama itaongezeka." Nikamuuliza inaongezeka kiasi gani. Akataja. Nikamwambia afanye anavyoweza kwa pesa iliyopo. Naye alifanya alivyoweza kwa pesa iliyokuwepo. Kwenye daftari langu la ujenzi, ambalo ninalo mpaka leo, siku ile nimeandika: shimo, limehamishwa, hakuna nyongeza. Nimepigia mstari maneno mawili ya mwisho.

Nimejiuliza sana kwa nini nililiona donge la nywele kuwa jibu kamili. Nadhani ni kwa sababu nywele zina wenyewe. Unaweza kuzinyanyua kwenye waya ukauliza ni za nani, na kila mtu akatazama kichwa kimoja. Mteremko haunyanyuliki. Umefunikwa na udongo na majani ya mwembe, na anayetaka kujua ni wa nani lazima achimbe, na akichimba anaweza kukuta jina lake. Kazini kwangu nimeona jambo hili mara nyingi kuliko nilivyotaka kukiri: pesa zinapotea polepole kwa sababu utaratibu ulipangwa vibaya miaka mitano nyuma, lakini anayeandikiwa barua ni karani aliyekutwa na risiti mbovu. Risiti ni kweli mbovu. Nywele nazo zilikuwemo kweli.

Lakini kulikuwa na hesabu nyingine isiyokaa sawa. Nyumba ilikuwa na miaka minne. Kama bomba lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza, Mama alikuwa akioga vipi?

Jibu nililipata saa hiyohiyo, nilipokwenda kutafuta majembe zaidi nyuma ya jiko. Foleni ya wanawake wenye ndoo ilikuwa kwenye uzio wa mabanzi. Nilidhani uzio ulishaanguka zamani. Niliuona umewekewa mabanzi mapya. Jiwe la Baba lilikuwa pale, jeusi, limelowa, halina hata chembe ya ukungu wa kijani. Kwenye ubanzi mmoja palining'inia kopo lililokatwa, ndani yake kipande cha sabuni na jiwe la kusugulia visigino. Kopo lilikuwa limeanza kuchakaa. Havikuwekwa jana.

Mama alikuwa anaoga nje miaka yote minne. Bafu langu alilisafisha siku moja kabla sijafika, na kulifunga siku niliyoondoka.

Sikumuuliza. Yeye ndiye alianza, akiwa anakuna nazi, bila kunitazama. "Lile lenu zuri," akasema. "Ila tailizi zinateleza, na mimi nikianguka humo nani atanisikia? Halafu mipapai ingekunywa nini?"

Nikarudi kwa Baba Mdogo nikamwambia asahau shimo la nyuma. Saa nne asubuhi tulikuwa na vijana sita. Tukaziba bomba la zamani, tukageuza tundu la ukutani kuelekea upande wa jiko, ambako ardhi inashuka, mita tisa tu hadi kwenye mipapai. Safari hii bomba la inchi tatu. Baba Mdogo alikaa kwenye kigoda kando ya mfereji na pima maji mapajani, na kila kipande kilichowekwa alikidai. Kijana mmoja akataka kukwepa jiwe kwa kupitisha bomba juu yake. Mzee hakupaza sauti, alinyoosha tu kidole kwenye sululu. Mwisho wa bomba tukachimba shimo fupi, tukalijaza mawe na vipande vya matofali, juu tukatandika nyasi na udongo. Kati ya bafu na shimo tukaacha chemba ndogo yenye mfuniko, ili siku nyingine mtu aweze kuona kinachopita bila kuchimba uwanja. Vifaa vyote vilinigharimu pungufu ya keki ya harusi.

Saa kumi jioni wakamwaga ndoo ya kwanza. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye chemba. Maji yalikuja kwa kasi kuliko nilivyotegemea, yamebeba majani mawili ya chai na uzi mweusi wa rasta, yakapita mbele yangu yakaondoka.

Wifi yangu nilimkuta anapepeta mchele, ule umeshakauka. Kulikuwa na wanawake wengine pale, walewale wa asubuhi. Nikafikiria kumwita chemba, nikaona haitakuwa haki, kwa kuwa nilimsema hadharani. Nikamwambia mbele yao kwamba bomba lilikuwa linapanda mlima, na mlima niliuweka mimi nikiwa Dodoma, na kwamba naomba anisamehe.

Akapepeta mara mbili tatu. "Ungeniita tu pembeni, wifi," akasema. "Ningekusaidia hata kuvuta." Kisha akaniuliza kama mkono bado unawasha.

Harusi ilikwenda vizuri na sina la kueleza juu yake. Mvua ilinyesha wakati wa chakula, pilau ilitosha, watu wa upande wa bwana harusi waliimba kuliko sisi. Siku hizi bafu lina kikapu kidogo cha waya juu ya chujio, cha kuchujia chai, cha bei ndogo sana, na wasichana wanapokuja kusuka wanapewa sinia la kutupia nyuzi. Wifi yangu ndiye aliyeleta vyote viwili. Nikifika huwa nainua mfuniko wa chemba kabla sijafungua begi.

Jumapili, wageni wakiwa wanasubiri treni, Mama aliwaita wale vijana sita. Akawaongoza nyuma ya jiko, akawaonyesha jiwe. Walilichomoa kwa mtaimbo, wakalizungusha hadi mlango wa nyuma, wakalivusha koridoni juu ya magunia, jasho linawatoka, mimi nikiwa nyuma yao nikilia juu ya tailizi zangu. Tailizi mbili zilipasuka. Likakaa chini ya shawa, limeegemea kidogo upande wa tundu, jeusi kwenye weupe wote ule. Mama akalipanda na ndala zake. Akajaribu mguu mmoja, akajaribu mwingine. Akauliza kama ni kweli maji ya humu sasa yanakwenda kwenye mipapai. Baba Mdogo akamwambia ni kweli, kayaona kwa macho yake.

"Haya, tokeni basi," akasema, mkono wake tayari kwenye bomba. "Na mlango mnifungie."